Siku Saba za Maalim

Moa, 12 Mei 2024

Mwanangu Sabiha,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika na masika haya. Kuku mweupe kaangua vifaranga saba, kunguru kala wawili. Mvua imebomoa ukuta wa choo upande wa kwa Dorkasi, basi mimi na yeye tunaoneana haya mpaka fundi aje. Anakusalimu. Msalimu mumeo Yasini. Mjukuu wangu Ayubu mbusu kichwani, mwambie bibi anamtaja kila sala.

Salamu zimetosha. Maalim yuko wapi?

Nilikupa siku saba. Ulipoondoka hapa baada ya Idi nilifunika tundu lake kwa kanga yangu mwenyewe nikakueleza na mumeo akisikia: asubuhi kasuku akishakunywa, yale masazo kwenye kikombe mpe Ayubu, kabla hajatia kitu mdomoni, siku saba. Mtoto ana miaka minne na hata "mama" hasemi. Watoto tisa wa hapa Moa wamekunywa maji ya Maalim na wote tisa wanasema, mmoja anasema mpaka mama yake anajuta. Siku ya nane ungemrudisha. Naweka alama za mkaa ukutani jikoni. Leo ni siku ya ishirini na nane.

Nikipiga simu wasema, mama, mtandao wakatika. Mtandao huo unakatika nikimtaja Maalim tu, nikitaja unga haukatiki. Sasa simu nimeizima, iko kwenye kopo la mchele. Barua haikatiki. Darasa langu la nne linanitosha kwa hili. Noa wa bodaboda ataifikisha stendi ya Tanga ampe kondakta wa basi la Pangani, na wewe utajibu kwa njia hiyohiyo.

Na mbawa zake. Nilizikata kabla ya Idi lakini mpya zilikuwa zinachungulia. Mviringishe kwenye kitambaa, mkunjue ubawa, ukate yale manyoya marefu ya mbele. Lenye damu kwenye shina usiliguse. Usipomkata atakwenda. Na akienda, Sabiha, usinipigie hodi.

Mama yako,
Hasina binti Shekhe


Ushongo, 3 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata imelowa pembe moja lakini imesomeka yote. Pole na magoti. Hapa tuko salama. Yasini anakwenda baharini siku anazoweza, mimi bado nafua mashuka pale kwenye nyumba ya wageni. Barabara ya kuja huku imekatika mara mbili kwa mvua, ndiyo maana unaona nimechelewa.

Maalim mzima. Anakula alizeti na mahindi mabichi, na matunda ya mti wa mkungu ameyapenda sana. Yeye na Ayubu hawaachani, mmoja akiamka na mwenzake kaamka. Kuna mgeni alimwona akaniuliza kama tuna kibali cha kumfuga, nikasema ni wa mama. Akasema kasuku wa porini hafugwi hivihivi, sheria ipo. Nikaendelea kuanika mashuka.

Nitakuja naye Idi Kubwa, Mungu akipenda. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Sabiha


Moa, 24 Juni 2024

Sabiha,

Idi imepita. Nilipika biriani ya watu sita tukala mimi na Dorkasi, naye Mlutheri hakuwa hata na Idi. Kila pikipiki iliyopita nilitoka. Majirani wakanizoea, wakawa wananiambia kabla sijatoka: si yeye.

Sasa nisikilize. Juzi kaja mama mmoja kavuka kutoka upande wa Kenya, na mtoto mgongoni, kasikia kuna kasuku wa Bi Hasina anafungua ndimi. Kaja na mkeka mpya zawadi. Nikamwambia kasuku kaazimwa. Akauliza atarudi lini, nikajifanya namtafutia maji ya kunywa, mtu mzima mimi. Dorkasi alikuwa anapanga mchicha wake pale, akacheka. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akasema wale watoto tisa wamesema kwa sababu siku zao zilifika. "Mama Sabiha, hata jogoo wangu akiwika jua linatoka." Nilimwambia arudi kwao Maramba na jogoo wake. Mpaka leo hatusemeshani na ukuta wa choo bado haujajengwa, basi fikiria hali yetu.

Na wewe umeniandikia ukurasa mzima: mashuka, barabara, mgeni, sheria. Mgeni huyo nani kamuuliza? Huyo ndege nimemlea tangu manyoya hayajamtimia, namtafunia mahindi namtia mdomoni kwa ulimi wangu. Kibali gani kinapita hicho?

Lakini neno moja nililolitaka hukuliandika. Ayubu anasema au hasemi?

Kama hasemi, sababu naijua, umemdekeza. Alipokuwa hapa nilimwita mara tano aniletee kata ya maji, kanipa mgongo anachimba mchanga. Kiburi hicho kisipokatwa mapema kitamla. Mtoto akijifanya hasikii, mpige kofi dogo, atasikia. Wewe nilikupiga na leo wasikia vizuri sana, ila nikitaja Maalim.

Mlete. Awe amekatwa mbawa.

Mama yako


Moa, 28 Julai 2024

Sabiha,

Salamu sina. Ile barua nyingine Noa kaapa kwamba aliitia mikononi mwa kondakta, na kondakta kaapa kwamba aliitia mikononi mwa Yasini. Basi imefika, na wewe umenyamaza mwezi mzima.

Umempa yule mgeni? Sema. Umemtia kwenye boksi akapelekwa Ulaya akafie kwenye baridi? Au kafa, na waogopa? Nimeota namsikia ndani ya mtungi.

Hujui nyumba hii ilivyo. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, bega langu linamsubiri. Alikuwa anateremka kwenye mkono wangu ananiibia machicha, nikimfukuza anainamisha kichwa nimkune shingo, mwizi na mwenye mali hapohapo. Nikiingia kuoga alikuwa anabisha hodi kwa sauti yangu mwenyewe, natoka na mapovu usoni kumfungulia mtu asiyekuwepo. Nilikuwa namtukana. Sasa naoga nimetulia mpaka najichukia. Baba yako alipokufa mlikuja wote mkakaa siku arobaini, halafu kila mtu kwake. Aliyebaki ni yeye.

Watoto wangu nimewapa waume na kazi na bahari. Ndege mmoja nimemwazima siku saba.

Mwezi wa nane ukiisha bila jibu nakuja mwenyewe, na magoti yangu.

Mama yako


Ushongo, 15 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Usije kwanza. Soma hii mpaka mwisho, halafu ukitaka kuja njoo.

Siku ya tano ya yale maji, Ayubu alikuwa amekaa chini anatunga simbi za pwani kwenye uzi, mgongo ameupa tundu. Paka akaruka juu ya tundu. Maalim akapiga ule ukelele wake. Wajua ulivyo. Mimi niliziba masikio, Yasini aliyekuwa nje anashona nyavu akaitupa sindano akaingia mbio. Maalim analia, tundu lipo hatua moja kutoka kichwani kwa Ayubu, na yeye anatunga simbi. Hakugeuka. Hakupepesa jicho.

Yasini akachukua sufuria na mwiko akapiga nyuma yake. Akapiga tena. Kisha akaacha, akaenda kukaa nje.

Tulimpeleka hospitali kubwa Tanga mara mbili. Ndizo zile siku unazosema mtandao unakatika. Hasikii, mama. Masikio yote mawili. Daktari anasema pengine ni ile homa ya kichwa aliyopata kabla hajatembea, pengine alizaliwa hivyo. Hana kiburi. Hajawahi kukusikia ukimwita, si mara tano, si mara moja.

Maji ya Maalim niliyaacha siku ileile.

Unataka kujua kwa nini nimenyamaza miezi yote hii. Kwa sababu ya Idi. Ulipomwita kuleta kata asiitike, ulikwenda ukamshika sikio ukalisokota mpaka likawa jekundu, ukamwambia, "Masikio haya umepewa pambo?" Nilikuwa mlangoni nimekuona. Alikutazama mdomo. Alikuwa anatafuta kwenye mdomo wako kosa lake ni lipi. Mimi nikacheka, mama, kwa kuwa nilikuogopa, na kicheko hicho sijajisamehe. Halafu barua yako inaniambia mpige kofi. Ningekujibu nini? Nilianza barua tatu, zote nikawashia moto.

Maalim sijamkata mbawa na sitamkata. Nilimviringisha kitambaa kama ulivyosema, nikashika mkasi, Ayubu akaja akaniwekea mikono juu ya mkasi. Huyu mtoto anajua ndege akitaka kukunwa, akiwa na hasira, akiwa na usingizi, yote kwa kutazama jicho lake na manyoya ya kichwani. Ni mwenzake wa kwanza asiyehitaji kuitwa. Sikuweza.

Kila Jumamosi namfuata mshonaji mmoja Pangani, naye hasikii, ananifundisha kusema kwa mikono. Ayubu anasema sasa. Maneno ishirini na kitu.

Sabiha


Moa, 1 Septemba 2024

Sabiha,

Barua imefika saa nne, saa tano naijibu, Noa anasubiri nje kawasha pikipiki.

Mungu anakuona. Umeniacha tangu mwezi wa nne nakaa na Dorkasi namsema mjukuu wangu kuwa ni jeuri. Umeniacha niandike kofi kwa mkono wangu, ukaikunja barua, ukaiweka, ukanyamaza. Mama yako ni mtu wa kufichwa? Mlikwenda hospitali mara mbili mkapita Tanga, hapo hamkunikumbuka hata kwa salamu. Nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka kwa mganga wa macho, hukuwa wa kunificha jicho lako.

Sikio sikulisokota. Nililigusa.

Nirudishie ndege wangu. Mtoto asiyesikia anataka nini na kasuku? Nimemaliza.

H.


Ushongo, 12 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Siwezi kukurudishia. Maalim ameruka.

Tundu lake lilikuwa halifungwi tangu mwezi wa sita, alikuwa anaingia mwenyewe kulala. Kwenye mkungu ulio nyuma ya nyumba ya wageni huja kasuku wa porini wanne, wa aina yake, kula matunda. Asubuhi wakilia naye anawajibu kutoka begani kwa Ayubu. Ijumaa iliyopita aliwajibu, akakunjua mbawa, akawafuata. Aliruka vibaya, akagonga paa, akashika tawi, akaruka tena.

Nilikimbia na mahindi mkononi nikimwita kwa sauti yako. Ayubu ndiye aliyenivuta kanga. Akafanya mbawa kwa mikono yake, kisha akashika gauni langu, lile la manjano, akaonyesha juu. Nikatazama. Mama, Maalim chini ya mbawa ni wa manjano, manjano kabisa kama ndani ya embe. Miaka sita nimemjua kuwa ni wa kijani na kichwa cha rangi ya kahawa. Ulikuwa unajua?

Siku mbili amerudi kwenye mkungu na wenzake. Haji mkononi. Ayubu anamwona kabla ya mtu yeyote.

Umesema akienda nisikupigie hodi. Nimesikia.

Sabiha


Moa, 27 Septemba 2024

Mwanangu Sabiha,

Assalamu alaykum. Vifaranga watatu wamebaki na wamekuwa wakubwa. Ukuta wa choo umejengwa, Dorkasi kaleta udongo mimi nikaleta maji, hatukusemeshana mpaka ulipofika kiunoni, hapo akasema sasa naweza kukujibu huku nimejisitiri. Nimempa nusu ya ule mkeka. Nusu, nimeukata, kwa kuwa bado nina hasira naye. Yule mama wa Kenya nimemtumia ujumbe asimtafutie mtoto maji ya kasuku, ampeleke akapimwe masikio.

Nilimsomea Dorkasi barua yako. Nilifika kwenye sikio nikaruka mstari. Akaniambia rudi, umeruka. Yule mwanamke ana macho. Nikarudi nikasoma.

Nililisokota. Nilipoandika sikulisokota nilikuwa nasema uongo, na wewe ulikuwa mlangoni.

Wauliza kama nilijua rangi ya manjano. Nilijua. Sikumwona nayo yeye, nilimwona nayo mama yake.

Hili sijapata kulisema. Wewe wajua nilimwokota chini ya mnazi. Sikumwokota. Kwenye shamba la baba yako kulikuwa na mnazi umekufa kichwa, una shimo juu, na kasuku wawili wakiingia na kutoka. Nilijua wana makinda. Nilimwambia fundi aukate niokoe boriti, lakini boriti sikuihitaji, nilitaka kinda, maana baba yako alikuwa anaumwa na nilijua nitabaki peke yangu. Mnazi ulianguka na makinda wawili, mmoja kafa palepale. Mama yao alizunguka juu ya kile kisiki siku nne anaita. Akigeuka juani naiona hiyo manjano chini ya mbawa. Nikamfuata na makumbi ya nazi namtupia aondoke, kwa kuwa kila akiita, yule wangu ndani ya kapu anaitika. Siku ya tano nikamkata mbawa aliye ndani, na aliye nje akaacha kuja. Au nilizoea nikaacha kumsikia.

Nilimpenda Maalim, hilo asininyang'anye mtu. Lakini kila mwezi mpya nilipotoa mkasi alikuwa anatoa ubawa mwenyewe, kanizoea hivyo, nami nikawaambia watu tazameni anavyonipenda.

Mkasi huo nimempa Dorkasi akatie mchicha. Tundu lichomeni.

Usinielewe vibaya, sijapoa. Nina hasira na wewe kwa miezi mitano ya kunificha. Nina hasira na Yasini aliyekaa nje badala ya kunipigia. Nina hasira na hiyo homa, na mimi niliyesema ni meno yanatoka. Na mkono wangu huu ninaoandikia, wa kulia, ndio ulioshika lile sikio, nauona siku nzima, siwezi kuutuma mahali.

Mwombe yule mshonaji anifanyie kazi moja. Achore mkono unavyokaa ukitaka kusema "bibi", na mkono unavyokaa ukitaka kusema "nisamehe". Usiniandikie maelezo, nitayakosea. Nataka picha, vidole vionekane. Mtume kondakta haraka, ili nipate wiki ya kujizoeza. Nitajizoeza mbele ya kuku, hao hawacheki.

Nakuja Jumatano ya tarehe tisa Oktoba, nimevaa gauni la manjano, lile nililovaa kwenye harusi yako, Ayubu anione kwa mbali. Nitapiga hodi mimi.

Wewe na mimi tuna maneno, na siku hiyohiyo tutayasema yote, hakuna litakalobaki. Lakini tuyasemee nyuma ya nyumba, Sabiha. Mtoto asituone nyuso.

Mama yako,
Hasina